Ziwa Limevimba Tena, na Mimi Sinyonyeshi

Mara ya kwanza nililaumu sidiria. Ilikuwa Novemba 2017, nilikuwa nimechagua moja ya mtumba, nzuri, yenye waya, ikawa inanibana upande wa kulia. Kwa hiyo asubuhi moja nilipoamka nikahisi pembeni ya chuchu pana kitu kama punje ya kunde, kigumu, kinauma nikikigusa, sikushtuka. Niliitupa ile sidiria, nikajifunga kanga kifuani, nikakaa kwenye cherehani yangu nikaendelea na kazi. Kufika alasiri punje ya kunde ilikuwa ndimu. Usiku nikashikwa na homa ya kugonganisha meno, na ngozi pale pembeni ya chuchu ikawa inang'aa kama imepakwa mafuta, joto lake unalihisi juu ya nguo.

Mtoto wangu wa mwisho alikuwa darasa la tatu.

Mama alipokuja kunitazama aliuliza swali ambalo mwanamke yeyote wa rika lake hapa Tanga angeuliza: "Mtoto wa nani kakubeulia?" Kwetu inajulikana hivyo. Mtoto akibeua na ziwa liko mdomoni, ziwa linavimba, na dawa yake ni kitana. Kinapashwa moto, ziwa linachanwa polepole kwenda chini. Nikamwambia mama, hakuna mtoto aliyelitia mdomoni ziwa hili tangu 2011. Akanyamaza kidogo, kisha akakipasha kitana hivyo hivyo. Nilipiga ukelele hadi jirani akachungulia dirishani. Simlaumu mama, ndiyo elimu aliyopewa na mama yake, ila kama kuna msomaji ana ziwa lenye jipu sasa hivi na kitana kiko jikoni, kiondoe. Kitambaa kilichochovywa maji ya moto na kukamuliwa, ukakiweka juu bila kukandamiza, kinatuliza maumivu. Kukamua na kuchana kunaumiza nyama ambayo tayari imeumia.

Kesho yake nikaenda duka la dawa. Kijana akaniuliza, "Unanyonyesha?" Hapana. "Una mimba?" Hapana. Akaniangalia kama vile nimempa hesabu isiyo na jibu, akanipa Ampiclox na vidonge vya maumivu. Siku ya nne uvimbe ulikuwa umenywea, nikaacha dawa, zilizobaki nikazitia kabatini kwa ajili ya siku nyingine. Najua. Msinipigie kelele.

Siku nyingine ilifika Mei 2018, katikati ya mfungo wa Ramadhani. Pahali palepale. Ukilifanya ziwa la kulia kuwa saa ya ukutani, jipu langu huota kwenye saa tatu, nje kidogo ya duara jeusi, kila mara. Nilikunywa vile vilivyobaki, nikanunua vingine, nikavinywa wakati wa futari na wakati wa daku, dozi za mchana nikaziruka. Dini inamruhusu mgonjwa kula na kulipa siku zake baadaye, wala sikuhitaji kuambiwa. Lakini mwanamke akionekana anakula mchana wa Ramadhani anaulizwa, na mimi mwezi ule nilikuwa na sababu yangu nyingine ya kutopenda maswali. Nitafika huko.

Jipu likaiva. Zahanati niliyokwenda walinichoma ganzi, na ganzi haikushika vizuri. Nimeelezwa baadaye kwamba kwenye nyama yenye usaha ganzi hufanya kazi kwa shida. Wakachana pembeni ya duara jeusi. Ulitoka usaha wa kujaza kikombe cha kahawa, na harufu yake sikuwahi kuisikia mwilini mwangu, harufu ya kitu kilichofungiwa muda mrefu. Nesi alikuwa ananifunga bendeji, mlango uko wazi, watu wako kwenye benchi nje, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Dada, sema kweli tukusaidie. Ulitoa mimba?"

Sikuwa nimetoa mimba. Lakini ndiyo hesabu watu wanayoipiga. Sinyonyeshi, mimba sina, basi lazima nilikuwa nayo na nikaificha. Nilitembea kwa miguu hadi Ngamiani, mkono mmoja nimeushikilia kifuani, nikiwaza nani alikuwa kwenye lile benchi na anamjua nani.

Kwa wiki tatu nikawa nakwenda kubadilishwa utambi kwenye kidonda. Mwishowe kilifunga, ila hakikufunga chote. Kilibaki kitundu cha ncha ya sindano, pembeni ya duara, na kila baada ya wiki kadhaa kinatoa tone la maji ya njano, kinafunga, kinatoa tena. Nikaanza kujishonea pedi za ndani ya sidiria kwa kitambaa cha marekani, mikunjo minne, kwa sababu pamba ya dukani inanata kwenye kidonda na nguo za naironi zinapika jasho. Ukiona fundi ana dazeni ya vipande vyeupe vya mraba vimekunjwa vizuri na wewe si mteja wake, usiulize. Mume wangu aliuliza. Nikamwambia ni za kufutia mashine.

Septemba 2018 jipu likarudi. Januari 2019 likarudi tena, msimu wa sare za shule, wakati fundi halali. Nilishona sketi za bluu kwa mkono wa kulia unaouma kila unaposukuma kitambaa. Nilichukua zile pedi za mabegani tunazoweka kwenye makoti, nikaziweka pembeni mwa ziwa ili mkono usiliguse. Hiyo ilinisaidia kuliko vidonge vyote, na naisema hapa kwa sababu hakuna daktari atakayekwambia.

Sasa ile sababu yangu.

Navuta sigara. Nilikuwa navuta. Nilianza nikiwa na miaka 22, Dar es Salaam, kwenye karakana ya nguo, tukishona sare usiku kucha kuwahi shule kufunguliwa. Mwenzangu wa mashine ya pembeni alinipa moja nisisinzie. Niliporudi Tanga kuolewa nilirudi nayo. Sigara saba, nane kwa siku, uani, nikiwa peke yangu, na paketi naificha kwenye kopo la biskuti la vifungo, chini kabisa, mahali ambapo mtoto hafiki kwa kuwa vifungo vya juu havina mvuto. Baada ya kuvuta natafuna karafuu, nanawa mikono kwa limau, nafukiza udi. Bibi yangu alikuwa na kijaluba chake cha tambuu, ndani mna tumbaku kama kawaida, akitafuna mbele ya shehe na hakuna aliyekohoa. Mume wangu anavuta barazani, mama mkwe akiwa pembeni anamsogezea kisosi cha majivu. Mimi ningeonekana na sigara moja tu, ningeitwa jina ambalo binti yangu angelisikia shuleni.

Hivyo kila nilipoulizwa na mtu wa afya, na waliniuliza mengi, jibu la swali hilo moja nilikuwa nalo na nikalimeza. Ukweli ni kwamba wengi hawakuuliza. Waliniangalia, mwanamke wa baibui, mama wa watoto wawili, wakaruka mstari.

Dada yangu aishiye Dar ndiye aliyesema basi. Machi 2019 nikapanda basi, Segera, Chalinze, kilomita kama 350 na kila tuta nalihisi kifuani. Nikashuka Ubungo, akanipeleka kwa daktari wa upasuaji, mama mtu mzima, mpole, mwenye tabia ya kuchora kwenye karatasi anapoongea. Nikamwamkia, akaitikia, na jambo la kwanza alilofanya ni kumwomba dada yangu asubiri nje. Kisha akaniuliza vitu kwa mpangilio. Kisukari? Chuchu iliwahi kutobolewa kwa ajili ya kipini? Iliingia ndani lini, tangu utotoni au hivi karibuni? Maana chuchu yangu ilikuwa imeanza kuvutwa ndani na sikuwa nimeliona hilo kama jambo. Kikohozi cha muda mrefu, kutokwa jasho usiku, kuna mtu nyumbani ana kifua kikuu? Kuna mtu katika ukoo amepata saratani ya titi? Unavuta sigara?

Nikasema hapana. Nilisema haraka mno. Aliandika, akaniangalia juu ya miwani, hakusema kitu.

Alinituma ultrasaundi. Usaha uliokuwepo safari hii hakuuchana. Aliutoa kwa bomba la sindano huku anaangalia kwenye kioo cha mashine, akaweka kwenye kichupa, akasema huu unakwenda maabara kuoteshwa ili tujue ni vijidudu gani na vinakufa kwa dawa gani. Baada ya majipu manne na miezi kumi na sita, ilikuwa mara ya kwanza mtu kuupeleka usaha wangu maabara badala ya kuutupa kwenye ndoo. Akatoa pia kinyama kidogo kwa sindano nene, kwa ajili ya kupimwa saratani na kifua kikuu. Niliogopa aliposema saratani. Akanieleza kwa utulivu kwamba ipo saratani inayojivika sura ya jipu. Ziwa linavimba haraka, linapata joto, ngozi inakuwa na vishimo kama ganda la chungwa. Ndiyo maana ziwa lililovimba kwa mtu asiyenyonyesha, likimaliza dozi nzima na halijatulia, halistahili dozi ya pili ya kubahatisha, linastahili kipimo. Na kifua kikuu kinaweza kukaa kwenye ziwa bila hata kikohozi kimoja. Nilipimwa sukari na virusi vya UKIMWI siku hiyohiyo.

Kwenye benchi la kusubiria nilikaa na dada mmoja kutoka Morogoro, mdogo kwangu, ziwa lake la kushoto limekuwa gumu kama mpira, na vidonda vitatu juu yake. Yeye alikuwa ameacha kunyonyesha miaka miwili tu nyuma, havuti, hajawahi. Kipimo chake cha kinyama kilionyesha kitu kingine, uvimbe wa chembechembe ambao madaktari wenyewe chanzo chake hawakijui vizuri, unaowapata zaidi wanawake walio katika umri wa kuzaa, miaka michache baada ya kujifungua. Wake ulikuwa unatibiwa kwa prednisolone, dawa inayotuliza uvimbe lakini inashusha kinga ya mwili, polepole, kwa miezi, na alishaambiwa unaweza kuchukua mwaka au zaidi kutulia. Alikuwa amekatwa mara mbili kabla ya hapo kwa kudhaniwa ni jipu, na kila alipokatwa kidonda kiligoma kufunga. Namtaja kwa sababu mtu akisoma yangu anaweza kudhani kila ziwa linalovimba lina sigara nyuma yake. Halina. Tulikaa benchi moja, maziwa yanafanana kwa macho, na dawa ya mmoja wetu ingempotezea muda mwingine. Prednisolone, kama ningepewa mimi kabla ya kujua kama kifua kikuu kipo, ingeweza hata kunidhuru. Nani angetujua tofauti kwa kutazama tu?

Majibu yalitoka baada ya wiki mbili. Saratani hakuna, kifua kikuu hakuna, sukari sawa, virusi hakuna. Vijidudu vilikuwa mchanganyiko, na kati yao wale wanaoishi pasipo hewa. Ndiyo ile harufu, alisema. Ndiyo pia sababu dawa za duka zilinituliza tu bila kunimaliza. Alinipa Augmentin, mara nyingine unaweza kukuta mtu amepewa dawa tofauti pamoja na Flagyl kwa sababu hiyohiyo, ila hilo ni la kuamuliwa na daktari wako baada ya majibu yako, usichukue yangu.

Kisha akachukua karatasi akachora ziwa. Akachora mifereji inayokusanyika kwenye chuchu kama mito inayoingia baharini. "Mama, hata usiponyonyesha mifereji hii ipo. Ndani ina ngozi laini sana. Kuna watu ngozi hiyo inabadilika, inakomaa kama ngozi ya nje, inabanduka magamba, na magamba yanaziba mfereji. Mfereji ukiziba unatanuka, unapasuka kwa ndani, uchafu unamwagika kwenye nyama, vijidudu vinafuata. Hilo ndilo jipu lako. Na hicho kitundu ni njia ambayo usaha umejichimbia kutoka kwenye mfereji hadi nje. Tukitumbua jipu tunatoa usaha, mfereji mbovu unabaki." Akaweka kalamu chini. "Kwa wanawake wengi ninaowaona na ugonjwa huu, kinachoichokoza ile ngozi ya ndani ni moshi wa sigara. Sumu yake inapita kwenye damu, inafika hadi kwenye mifereji. Swali nilikuuliza mara ya kwanza. Sikuulizi tena leo. Nakueleza tu."

Nilitazama mchoro. Mimi ni fundi, najua kiraka kinachoshonwa juu ya kitambaa kilichooza, kinashika siku mbili halafu kinachanika pembeni ya mshono. Nikasema, "Navuta, daktari. Miaka kumi na nne." Nikaanza kulia, na kilichoniliza si ugonjwa, ni kwamba nilikuwa nimelisema neno lile kwa sauti kwa mara ya kwanza na dari halikuanguka.

Hakunipa hotuba. Alisema tu mambo mawili. Kwamba akinifanyia upasuaji ninavuta, kidonda kitachelewa kupona na jipu lina nafasi kubwa ya kurudi. Na kwamba nikiacha leo, mifereji iliyokwisha haribika haitajitengeneza kesho, hivyo nisije nikapata jipu lingine mwezi ujao nikasema kumbe alinidanganya. Nilishukuru sana kuambiwa hilo la pili, kwa sababu ndilo lililotokea.

Kuacha sitakusimulia sana, kila aliyeacha ana hadithi yake na zote zinachosha. Siku tatu za mwanzo nilimgombeza mwanangu kwa kosa la kupumua. Saa mbaya kwangu ilikuwa baada ya chakula cha mchana, mikono haijui pa kwenda. Nikanunua ubuyu, kifuko kizima, nikawa namung'unya mbegu moja moja kwenye cherehani hadi ulimi ukachubuka. Nikanenepa. Sikukuu ya Idi, Juni 2019, nyumba imejaa wageni, nilikwenda uani nikavuta moja, na kesho yake mbili. Wiki ya tatu ziwa likavimba. Ni zile sigara za Idi au ni mifereji iliyokuwa imeharibika kabla? Daktari alisema haiwezekani kujua na haisaidii kubishana. Nilimpigia simu siku ya kwanza ya maumivu, sio ya tano, nikaanza dawa sahihi kabla usaha haujajikusanya, na safari hiyo hakikuhitajika kisu wala sindano. Kama kuna kitu kimoja ningependa kukijua 2017 ni hicho. Ugonjwa huu una saa zake za mwanzo, siku moja au mbili, uvimbe ungali mgumu na haujawa na maji ndani, na hapo dawa inaweza kuuwahi. Siku hizo mimi nilikuwa nazitumia kusubiri nione kama utaondoka wenyewe.

Upasuaji ulipangwa Septemba, ziwa likiwa limetulia, kwa sababu hawakati mfereji wakati nyama inawaka. Kabla yake lilikuja swali gumu kuliko lote. "Unataka kuzaa tena?" Kuondoa mifereji yote ya chini ya chuchu kunapunguza sana nafasi ya jipu kurudi, lakini ziwa lile halitanyonyesha tena, na chuchu inaweza kufa ganzi. Kuondoa mfereji mmoja mbovu na kile kitundu chake kunabakisha nafasi ya kunyonyesha, ila mfereji wa jirani unaweza siku moja kufanya yaleyale.

Mume wangu alitaka mtoto wa tatu. Alikuwa akisema hivyo kwa utani tangu binti alipoanza shule, utani wa mtu asiyetania. Ikanibidi nimweleze kila kitu, maana huwezi kujadili mifereji na mtu ambaye anadhani zile pedi ni za kufutia mashine. Tulikaa barazani usiku, watoto wamelala. Nikamwambia sigara kwanza, kisha ziwa. Alikuwa ameshika yake mkononi, inawaka. Akaiangalia, akaniangalia, akasema, "Na mimi?" Nikadhani ananiuliza kama atapata jipu la ziwa. Tulicheka hadi tukaogopa kuwaamsha watoto. Wanaume nao wanaweza kulipata kwa nadra, niliuliza, ila sikumwambia usiku ule. Tangu hapo anavutia nje ya uzio, kwa sababu daktari alisema moshi wa mwingine nao si wa kuchezea na kwa sababu, nadhani, ilimwia vibaya kuwa yeye ana kisosi na mimi nina kopo la vifungo.

Tukachagua mfereji mmoja. Nililazwa usingizi. Daktari alinieleza baadaye kwamba aliingiza waya mwembamba kwenye kitundu, ukatokea juu kwenye chuchu, na alivyoona njia nzima akaikata pamoja na mfereji wake, kama unavyotoa uzi uliovutika kwenye kitambaa, mzima mzima, usiukatie katikati. Ni mimi ninayesema uzi, yeye hakusema. Madaktari wa Marekani walishaandika juu ya njia hizi za usaha za kwenye mifereji ya maziwa mwaka 1951, na ugonjwa wenyewe wengine wanauita kwa jina la mmoja wao, Zuska. Mwaka ule mama yangu alikuwa mtoto mchanga. Nilipoambiwa hivyo nilihisi hasira ya ajabu, ya kujua kwamba jambo hili lilikuwa na jina muda wote nilipokuwa naulizwa kuhusu mimba.

Mshono ulipona kwa siku kumi na nne. Chuchu upande mmoja haina hisia, na imebaki imeinama kidogo kama mtu anayesikiliza. Mtoto wa tatu hatukumpata, kwa sababu zisizohusiana na ziwa. Tangu wakati ule nimepata hofu moja, Februari 2021, kauvimbe kwenye saa tano, mbali kidogo na pale pa zamani. Nilikwenda siku ileile, nikafanyiwa ultrasaundi, dozi ya siku kumi nikaimaliza hadi kidonge cha mwisho, kikaisha. Sijui nitapata kingine lini. Kila mwezi naligusa ziwa bafuni kwa mkono wenye sabuni, na nina daftari la vipimo vya wateja ambalo ukurasa wa mwisho ni wangu: tarehe, saa ngapi ya ziwa, dawa gani, siku ngapi. Ukibadilisha hospitali faili hubaki nyuma, daftari unakwenda nalo.

Kwa mama nilichelewa kusema. Nilimwambia mwaka jana tu, tunachambua mchele, nikitegemea atalia au ataondoka. Nikamweleza ya sigara, ya Dar, ya mfereji, na kwamba hakuna mtoto aliyenibeulia. Aliendelea kutoa mawe kwenye ungo.

"Sigara nilijua," akasema.

Nikamuuliza alijuaje.

"Mwanangu, nani anafukiza udi Jumatatu saa saba mchana?"

Akapuliza makapi, akanipa ungo nimalizie.